Kutoka Dar mpaka ghalani kwetu: siku saba za kuangalia watu wanafanyia wapi kazi

Siku ya kwanza, Jumatatu

Chanzo cha safari ni simu ya mjomba. Wiki mbili nyuma alinipigia usiku akaniambia, mjomba, lile ghala la ushirika upande mmoja liko tupu tangu msimu wa mwaka juzi, na wewe kila ukija likizo tunakuona unapanda na laptopu mpaka kule juu karibu na mnara wa simu unakaa kwenye jiwe na baridi yote ile, njoo kwenye mkutano wa Jumamosi uwaambie wanachama hicho kitu unachokisemaga kila siku. Hicho kitu chenyewe ni chumba kimoja chenye umeme, intaneti, meza na printa, mtu yeyote wa kata yetu huko Wanging'ombe, mkoa wa Njombe, aje afanye kazi yake pale badala ya kila mmoja kuhangaika kivyake. Mimi nachora ramani za nyumba, wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma, tunaongea kwa simu, kazi naituma kwa email, yaani kinachonifanya niendelee kulipa kodi Kimara ni umeme na mtandao tu, basi.

Ila wazee wa ushirika huwaendei na maneno matupu. Watakuuliza nani atalipa luku, nani atashika funguo, kikiharibika kitu anatafutwa nani. Kwaiyo nikaamua nisiende moja kwa moja, nishuke njiani mji mmoja mmoja niangalie wenzetu huko mikoani wanafanyaje.

Nikapanda treni ya SGR asubuhi. Tangu ianze Juni 2024 Morogoro imekuwa kama mtaa wa jirani, chini ya masaa mawili umeshafika, na kwenye behewa letu niliona watu wanne wamefungua laptopu wanafanya kazi, dada mmoja alikuwa anapiga hesabu za duka kwenye excel mpaka tunaingia stesheni hakuinua kichwa. Nilimwangalia nikawaza huyu anaweza kukaa popote.

Siku ya pili, Jumanne, Morogoro

Asubuhi nilienda mtaa wa viwanda wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, maana hapo ndo nilitaka kuanzia. Watu wa mjini wanapenda kusema hii ya kushea sehemu ya kazi ilianzia San Francisco mwaka 2005, jamaa anaitwa Brad Neuberg alipofungua sehemu yake akaiita kowekingi, yaani kufanyia kazi pamoja. Jina sawa, liwe lao. Lakini SIDO ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1973, na kazi yake mpaka leo ni ileile, fundi asiye na uwezo wa kujenga karakana yake anapata pa kufanyia kazi, anapata mafunzo, anapata wa kumshauri, na ofisi ziko mikoani sio Dar peke yake. Sisi wenyewe tunasahau kwamba tunayo hii historia, inaniumaga sana.

Nilikaa na fundi mmoja wa kukereza chuma kama saa zima. Alikuwa anatengeneza shafti ya mashine ya kukamua alizeti, mteja ametoka nayo mbali, imekatika katikati, kaibeba kwenye gunia, na yeye ameifunga chuma kipya kwenye mashine kinazunguka, anasogeza kisu taratibu kwa mkono wa kulia, vinyweleo vya chuma vinatoka vimejikunja kama maganda ya chungwa, moto moto, vinadondokea kwenye ndoo. Kila dakika chache anazima, anapima kwa kalipa, anawasha tena. Mashine ile sio yake peke yake, wanaitumia watatu. Nikamuuliza mnagombaniaje, akanionyesha daftari limening'inizwa na kamba ukutani, lina mafuta kila ukurasa, mtu anaandika jina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mwisho wa mwezi bili ya umeme inagawanywa kwa masaa. Akasema kabla ya daftari walikuwa wanagawana sawa kwa sawa na ndipo ugomvi ulikuwa unatokea, maana kuna mtu anatumia siku mbili kwa wiki na mwingine hatoki. Nikalipiga picha lile daftari. Nikajiambia hata nisipopata kitu kingine kwenye safari hii, hili ninalo.

Mchana nikapitia SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kidogo. Pale wana ushirika wa wahitimu, SUGECO, ulianza 2011, na nilichokipenda ni hilo neno ushirika, kwamba vijana waliosoma kilimo hawakuishia kusubiri ajira wala kufungua kampuni ya mtu mmoja mmoja, wakajiunga, wakafundishana mpaka kilimo cha kitalu nyumba. Jioni nikamalizia ramani ya mteja maktaba ya mkoa. Nilikuta vijana wengi kimya wanasoma, kila soketi ina mtu. Maktaba zetu za mikoa ziko chini ya bodi iliyoanzishwa miaka ya sitini, ni za umma, zina meza, zina paa, na mtu anayeishi chumba kimoja na wadogo zake watano hapo ndo pa pekee pa kukaa afikirie. Huwezi kuongelea sehemu za pamoja mikoani ukaziruka.

Siku ya tatu, Jumatano, barabarani

Basi kutoka stendi ya Msamvu. Mikumi tukaona twiga na nyani, ile barabara inakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita 50 na dereva alienda polepole namshukuru. Ruaha Mbuyuni watu wakachimba dawa, vitunguu vikapandishwa, mlima Kitonga tukakaa nyuma ya malori mda mrefu, Ilula matenga ya nyanya pande zote mbili. Laptopu haikufunguka hata mara moja. Tukashuka Igumbilo saa kumi na moja jioni na baridi ya Julai ya Iringa ikanipokea, nikatafuta gesti yenye blanketi mbili.

Siku ya nne, Alhamisi, Iringa

Siku hii ningeweza kuiandikia peke yake.

Iringa ni mji wa wanafunzi, kuna Mkwawa, kuna Ruaha, kuna Chuo Kikuu cha Iringa, na vijana wakishamaliza wengi wanabaki palepale mjini wakitafuta pa kuanzia. Labda ndo maana mambo haya yalifika huku mapema. Dar walipofungua Buni, sehemu ya pamoja ya vijana wa teknolojia, pale tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Sayansi mwaka 2011 kulikuwa na mradi wa ushirikiano na Finland, TANZICT, na kitu kizuri cha ule mradi ni kwamba hawakuishia Dar, walisaidia pia sehemu za mikoani, Iringa ikiwemo, ndipo ikaja RLabs ya Iringa. RLabs yenyewe asili yake ni Bridgetown kule Cape Town, kwa kina Marlon Parker aliyeianzisha, mtaa uliokuwa na shida kubwa ya magenge na madawa, wakaanza kufundisha vijana waliotoka huko kutumia simu na mitandao kusaidia wenzao wa mtaa uleule. Ukiangalia vizuri lile wazo lilizaliwa uswahilini, likaja mkoani kwetu, halikupita kwa matajiri wa teknolojia. Kuna na Kiota Hub, wanalea vijana wenye biashara changa, na jina walilochagua mimi nalipenda maana kiota ni pa kukulia mpaka mabawa yakomae.

Lakini mahali palipoukamata moyo wangu ni Neema Crafts. Walianza 2003, msanii kutoka Uingereza anaitwa Susie Hart na Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, wakaanza na vijana watatu viziwi kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Saivi watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona, wanafanya shanga, na pale kwenye mgahawa wanaohudumia ni viziwi. Unapewa karatasi na penseli unaandika unachotaka, na kuna maelekezo ya alama kama unataka kujifunza. Niliandika chai ya maziwa na keki. Dada aliyenihudumia akasoma, akanionyesha alama ya asante, nikakosea, akanishika vidole akavipanga vizuri, nikarudia, akatabasamu akaondoka. Nilikaa pale nikiwaza, kule kwetu kuna kijana kiziwi mtoto wa jirani, fundi mzuri wa viti vya mianzi, anafanyia kazi nyuma ya nyumba hakuna anayemwona. Mimi kwenye mpango wangu wote wa ghala, mameza yangu na wifi yangu, sikuwahi kumuweka yule kijana. Nilimfikiria mtu kama mimi tu, mwenye laptopu. Nikafungua daftari nikaandika jina lake juu kabisa.

Jioni nikazunguka mitaa ya karibu na soko. Mafundi cherehani wamekaa kwenye vibaraza vya maduka, baraza moja cherehani nne au tano, kila mmoja na wateja wake. Nikaongea na mama mmoja nikampa shikamoo nikamuuliza kwanini wamekaa pamoja na ni washindani. Akasema mwanangu, mimi nikienda kliniki huyu hapa anampokelea mteja wangu nguo, yeye akiishiwa uzi anachukua wangu, pasi ni moja ya mkaa tunaitumia wote, alafu mteja anajua hata akija saa moja asubuhi hakosi mtu. Hakosi mtu. Nilitembea na hilo neno mpaka gesti.

Siku ya tano, Ijumaa, mpaka Makambako

Njiani nilishuka mji mmoja mdogo pembeni ya barabara kuu, sitautaja. Niliambiwa kuna kituo cha kompyuta cha jamii, kilizinduliwa kwa shangwe miaka kadhaa nyuma, zikaletwa mashine kumi na mbili na wafadhili, viongozi wakakata utepe. Nikafika nikakuta kufuli. Kufuli lenyewe limeota kutu, mtu hajalifungua mda mrefu. Nikachungulia dirishani, kompyuta zimefunikwa vitambaa vyeupe vyenye nakshi pembeni, mtu alivishona kwa mapenzi kabisa vile vitambaa, vumbi limetua juu, ukutani kalenda ya zamani. Mlinzi wa jengo la jirani akanieleza bila hata kuulizwa mara mbili, ufunguo alikuwa nao afisa mmoja, akahamishwa, akaondoka nao au aliuacha kwa mtu haijulikani, alafu luku iliisha na hakuna fungu la kununua, basi. Shule ya sekondari iko kama mita mia mbili kutoka pale. Mita mia mbili! Watoto wanapita pale kila siku kwenda kusoma kompyuta kwenye ubao.

Niliumia na bado naumia ninavyoandika. Zile mashine hazikuharibika, waliozileta hawakuwa wabaya na yule afisa hakuwa mwizi. Pale hapakuwa na mtu ambaye riziki yake inamlazimisha kufungua ule mlango kila asubuhi. Ndo hapo nikakumbuka mama wa Iringa.

Makambako nimeingia jioni na upepo wake ule. Nikatafuta steshenari nichapishe karatasi za mkutano nikakuta foleni imetoka mpaka nje, msimu wa maombi ya mikopo ya chuo, watoto waliomaliza form six na wazazi wao wamebeba bahasha za kaki. Ukiomba mkopo cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza, alafu fomu ijazwe mtandaoni, ichapishwe, isainiwe, iskaniwe, irudishwe tena kwenye mfumo. Pale ndani ni kijana mmoja na dada mmoja, kompyuta mbili, printa moja, ekstensheni moja imechomekwa simu nyingi za watu mpaka imekuwa ya moto, na wale vijana wawili wanafanya kazi ya karani, ya afisa mkopo na ya mshauri kwa wakati mmoja. Mzee mmoja nyuma yangu katoka na binti yake kijiji cha mbali, analala Makambako kwa ndugu usiku wa pili sasa kwa sababu jana mtandao ulisumbua. Nauli kwenda na kurudi, kula, fotokopi, yote hayo kabla mtoto hajapata hata senti ya mkopo. Nikamuuliza kama ingekuwepo sehemu kama hii kule kwenu je? Akaniangalia akasema ningekuwa shambani saa hizi.

Siku ya sita, Jumamosi, kijijini

Boda ya asubuhi, upande wa Wanging'ombe, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Kamwene, salamu ya kwetu, kila kona. Mama amenipikia kande, nikala haraka, mjomba akanifuata tukaenda.

Mkutano ulianza saa nne ukaisha saa nane. Wanachama kama arobaini, wamekaa kwenye mabenchi ndani ya ghala lenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi lakini nilivyosimama nikaanza na yule mzee wa Makambako na binti yake, alafu nikapitisha simu yenye picha ya daftari la SIDO mkono kwa mkono, wazee wakavaa miwani wakalisoma mstari kwa mstari. Hiyo picha ilifanya kazi kuliko mimi.

Wakauliza. Mzee mmoja aliyewahi kuwa katibu wa chama zamani, namheshimu sana, akasema vijana watakuja kuangalia mpira na kuchaji simu, ushirika utalipa umeme wa starehe za watu. Swali la haki kabisa. Nikajibu kuchaji iwe kwa malipo kidogo na iandikwe kwenye daftari kama masaa ya mashine, na mpira waamue wenyewe wanachama. Mama mmoja akauliza mbolea ya ruzuku ikija itakaa wapi? Hapo nilikuwa sijawaza! Kuanzia Oktoba, Novemba hivi mbolea ikija nyingi ghala linaweza kujaa mpaka mlangoni, na meza na kompyuta haviwezi kukaa na mifuko ya urea chumba kimoja, ile harufu na unyevu vinakula vyuma. Tukakaa tunalijadili hilo kwa zaidi ya saa zima, na mwisho fundi seremala mmoja akasema tujenge ukuta wa mabanzi na plastiki, upande wa mlango wa barabarani uwe wa kazi, mita sita kwa tano hivi, na msimu wa mbolea ukifika ule upande unabaki, ghala linatumia mlango wa nyuma. Vijana waliomaliza chuo wakajitolea nguvu kazi palepale.

Likabaki la ufunguo. Mwenyekiti akasema ashike kijana msomi mmoja. Nikaomba nafasi nikawasimulia lile kufuli lenye kutu. Nikasema msinipe mimi, maana mimi leo nipo kesho nina mteja Dodoma, wala msimpe mtu wa kuajiriwa ambaye hatuna hela ya kumlipa. Pale nje ya duka la dawa kuna mama cherehani, anashonea uniform za shule chini ya mti miaka yote hii, mvua ikinyesha anakimbia na cherehani mgongoni. Huyo aingie ndani, akae mbele mlangoni bila kodi, mafundi wengine wawili watatu wamfuate, na yule kijana wa viti vya mianzi apewe kona ya nyuma yenye mwanga. Wao ndo wafungue asubuhi na kufunga jioni. Kazi zao ni za kila siku, za kwetu sisi wa laptopu na za watoto wa mikopo zinakuja na kuondoka. Tukiwategemea wenye laptopu peke yao patafungwa, hilo sina shaka nalo.

Kukawa kimya kidogo. Kisha yule mzee aliyekuwa na wasiwasi wa mpira akasema, huyo mama nampa kura yangu, nguo zote za wajukuu zangu ameshona yeye.

Wakapitisha kwa majaribio mpaka mavuno yajayo. Kikundi cha vijana na kikundi cha akina mama wataandika maombi ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, na ndani ya chumba kile makundi yote matatu yatakuwepo. Mpaka upatikane au usipatikane, printa ninatoa yangu.

Siku ya saba, Jumapili

Baada ya ibada tukarudi na seremala kupima. Chumba kimetoka mita sita kwa tano na nusu. Ukuta wa barabarani una dirisha moja, tutaongeza la pili maana mwanga wa mchana hauna bili. Laini mbili nimezijaribu ndani ya ghala, moja inashika vizuri karibu na dirisha, nyingine mpaka utoke nje, kwaiyo ruta itakaa juu ya dirisha. Mita ya luku ilikuwa imezimika tangu mwaka juzi, mjomba akatuma elfu tano kwa simu, namba zikaja, kijana mmoja akapanda kwenye stuli akawa ananitaka nimsomee nne nne, nikamsomea, akakosea moja tukarudia, mita ikalia, taa ya katikati ikawaka. Ilikuwa saa tisa mchana na taa haikuhitajika lakini hakuna aliyeizima.

Kama saa kumi mama cherehani akaja. Cherehani imefungwa kwenye toroli kwa mpira wa baiskeli, mwanae anasukuma, yeye anatembea pembeni ameshika gurudumu lisizunguke. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaingia, akazungukazunguka akichagua, akaiweka pale mlangoni upande wa kushoto ambapo jua la asubuhi linafika. Akauliza hapa watu wanalipaje, nikamwonyesha daftari jipya kaunta buku limeshafungwa kamba kwenye msumari. Akaomba kalamu, akaandika jina lake mstari wa kwanza, na kwenye saa ya kuanza akaandika kesho, saa moja asubuhi.